Ngoma Kongwe na Kosa la Duara Dufu

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii tumeizoea kwenye vikao vya mirathi na mikutano ya uchaguzi. Hutupwa pale mtu anapogawa mali akajipa fungu nono, au kiongozi anapopanga safu akaanza na ndugu zake. Tumeitumia kwa siasa mpaka tumesahau kwamba kwanza ni kauli ya fundi. Aliyeitunga alijua kazi ya kukaa na mzinga wa mti kati ya magoti, ngozi mbichi juu yake, na alijua kinachotokea mvutaji akivuta kutoka alipoketi tu: ngozi hukaza huku, hulegea kule, na ngoma hutoka na sauti mbili zinazogombana.

Ngoma ya mkono iliyokaa miaka mingi hubadilika sura. Mdomo uliokuwa duara huanza kufanana na yai, ubavu hubonyea, kitako huenda upande. Mwenye nayo huitazama akajiuliza kama huko kupinda kumeharibu sauti. Kwaya za parokia za Mlima Kilimanjaro hujiuliza hivyo zinapohesabu vyombo vyake, walimu hujiuliza mashindano ya sanaa yakikaribia, na wauza vinyago wa mjini Moshi huulizwa na mgeni anayeigeuzageuza ngoma kabla hajafungua pochi. Jibu la haraka ni ndiyo au hapana. Jibu la haki huanza kwa swali jingine: imepinda vipi? Kiswahili kina majina kadhaa ya kupinda, na masikio hayayapokei yote kwa namna moja.

Tuanze na umri wenyewe, kwa sababu neno tunalolichagua hapo hutoa hukumu kabla ngoma haijapigwa. Kitu kuukuu ni kile ambacho miaka imekishusha thamani: nguo kuukuu, mkeka kuukuu. Kitu chakavu kimeliwa na matumizi, hata kama ni cha mwaka jana. Kitu kongwe ni kingine: miaka imekiongezea uzito, na tunalitaja neno hilo kwa heshima, kama tunavyosema mwanasiasa mkongwe au chama kikongwe. Ngoma inaweza kuwa kongwe bila kuwa chakavu, na inaweza kuwa chakavu kabla ya kuwa kongwe. Anayesema “ngoma kuukuu” ameshaamua. Anayesema “ngoma kongwe” bado anasikiliza.

Sura nayo ina maneno yake. Kombo ni kutonyooka: kiwiliwili cha ngoma kimeinama au kimejipinda. Benibeni ni kukaa upande, kutolingana, kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani. Ngoma yenye mdomo wa benibeni ina ukingo uliopanda huku na kushuka kule. Aina ya tatu ni mdomo uliotoka kwenye duara ukawa na urefu na upana. Mtaani tutasema una umbo la yai. Vitabu vya hisabati vina istilahi yake: duaradufu.

Istilahi hiyo ya mwisho inafaa kutazamwa kwa jicho kali. Dufu, kama sifa, ni kitu kilichopungua ladha au thamani. Huenda waliounda istilahi walitaka jina la umbo linalokaribia duara bila kulifikia, wakaliita duara lililopungua. Kwa mwanafunzi wa jometri hakuna tatizo. Kwa mwenye ngoma, neno limemwekea hukumu mkononi: mdomo wako ni duara dufu, basi na sauti yako ni dufu. Na kama vile lugha inatutania, dufu ni jina la ngoma pia, ile ya duara la mbao lenye ngozi upande mmoja, ipigwayo kwenye maulidi kuanzia Lamu hadi misikiti ya Moshi. Neno moja linabeba ngoma inayopendwa na kasoro inayodharauliwa. Tutaona kwamba kasoro hiyo haistahili dharau yote iliyopewa.

Kwanza tujue ngoma za mlima hupindaje. Mti unaosifiwa sana Afrika Mashariki kwa kuchonga ngoma ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Cordia africana, na ambao watu wa Kilimanjaro huujua kama mringaringa. Umejaa kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ukisimama juu ya migomba na kahawa na kuvipa kivuli. Mbao yake ni nyepesi, haisumbui patasi, na hutumiwa pia kwa mizinga ya nyuki. Kiswahili huyaona mambo hayo mawili kuwa ndugu: gogo lililotobolewa ni mzinga, wakae nyuki ndani yake au ukae mvumo.

Mbao ikikauka hunywea, lakini hainywei sawa kila upande. Hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete za ukuaji kuliko kutoka kiini kwenda gome, na kwa miti mingi tofauti hukaribia mara mbili. Kiini cha mti kikiwa katikati ya mzinga kabisa, mzinga hunywea kwa usawa na hatari yake kubwa ni kupasuka. Kiini kikiwa pembeni, duara halibaki duara. Na Kilimanjaro ni nchi ya miteremko: mti ulioinamia bonde, au uliojipinda kutafuta jua kati ya majirani, hujenga mbao nyingi zaidi upande wa juu wa mwinamo na kukiacha kiini nje ya katikati. Ngoma iliyochongwa kutoka mti kama huo hubeba mteremko ndani yake. Fundi anaweza kuitoa ikiwa duara safi siku ya kwanza. Miaka itaikumbusha mti ulivyosimama. Ongeza mkono wa ngozi yenyewe, ambayo huvuta ukingo kwa nguvu kila inapokauka, na wadudu wanaobungua mbao, na kishindo cha kuangushwa kutoka kwenye gari la kwaya. Matokeo ni ngoma yenye sura yake peke yake.

Sasa tuzichukue kasoro moja moja, tukianza na kombo.

Kuna vyombo ambavyo umbo la tundu lake ndilo sauti yenyewe. Zumari ni hivyo, na klarineti ni hivyo: hewa iliyomo ndani ndiyo inayotetema, na tundu likipanuka au kubanwa hata kidogo, sauti huhama. Ndiyo maana watengenezaji wa klarineti hung'ang'ania mpingo, mti mzito unaozama majini na usiobadilika ovyo ukishakauka, ambao Sebastian Chuwa wa Kibosho alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuupanda upya akishirikiana na watoto wa shule. Mringaringa haukupewa kazi hiyo. Kwenye ngoma kinachotetema kwanza ni ngozi. Mzinga una kazi mbili: kushika ukingo usiyumbe, na kufungia hewa inayoupa mvumo tumbo. Hewa hiyo haijali kama ukuta umenyooka. Inajali ni kiasi gani imo humo na inatokea wapi. Kwa hiyo ngoma ya kombo, ambayo ubavu wake umeinama lakini mdomo wake uko sawa na haina nyufa, hulia karibu kama ilivyolia siku ilipotoka mikononi mwa fundi. Ufa ni habari nyingine. Kwenye ngoma iliyofungwa chini, ufa unaovujisha hewa hupunguza mvumo, na kingo zake zikigusana hutoa mtatariko ambao hakuna mkono unaoweza kuuficha. Hukumu ya kwanza, basi: kombo ni la macho, ufa ni wa masikio.

Kasoro ya pili ni duaradufu, na hapa ndipo fizikia ina mengi ya kusema.

Chukua ngoma ambayo mdomo wake ulikuwa na kipenyo cha sentimita 30. Tuseme miaka imeuvuta mpaka ukawa sentimita 31 kwa urefu na 29 kwa upana. Kwa jicho tayari ni yai, na mnunuzi mjini atataka apunguziwe bei. Ukipiga kiganja katikati unauamsha zaidi mtetemo wa kwanza wa ngozi, ule ambao ngozi nzima hupanda na kushuka pamoja. Huo ndio unaotoa sauti nene. Eneo la mdomo halijabadilika kwa kiasi cha maana, na hesabu zinaonyesha kwamba mtetemo huo hupanda kwa takriban sehemu moja katika elfu. Nusutoni, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, ni karibu sehemu 60 katika elfu. Hakuna mwalimu wa kwaya atakayeisikia tofauti hiyo. Sauti nene ya ngoma haijui kwamba mdomo umekuwa yai.

Mtetemo wa pili ndio unaojua. Ukipiga karibu na ukingo kwa vidole, unaamsha pia mtetemo ambao nusu ya ngozi hupanda wakati nusu nyingine inashuka. Katika duara kamili, mstari unaotenganisha nusu hizo unaweza kukaa popote na kidatu kisibadilike. Katika yai mtetemo huo hugawanyika ukawa miwili: mmoja unaofuata urefu, wenye kidatu cha chini kidogo, na mwingine unaofuata upana, wenye kidatu cha juu kidogo. Kwa mdomo wetu wa 31 kwa 29, tofauti yao ni kama asilimia 3.3, zaidi kidogo ya nusu ya nusutoni. Ikiwa mtetemo huo ni wa mara 200 kwa sekunde, sauti hizo mbili zitapishana mara sita hadi saba kila sekunde, na sikio litapokea sauti moja inayoyumba.

Hapo ndipo kasoro ilipo, na hapo ndipo dawa yake ilipo pia. Ukipiga kwenye ncha ya urefu wa yai, unauamsha mtetemo mmoja tu kati ya ile miwili. Ukipiga kwenye ncha ya upana, unauamsha mwenzake peke yake. Ukipiga katikati ya ncha hizo, yote miwili huamka na sauti huyumba. Kwa hiyo mpigaji asiyependa myumbo hana haja ya kununua ngoma nyingine: aizungushe ngoma yake kidogo kidogo mpaka vidole viangukie mahali panapolia sauti moja, kisha apawekee alama. Mdomo wa yai umempa ngoma yenye vidatu viwili vya pembeni badala ya kimoja. Mpigaji mzuri ataviona kama mali.

Wanahisabati walilishughulikia swali hili kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1877 Mwingereza Lord Rayleigh, katika kitabu chake juu ya nadharia ya sauti, alitoa dai kwamba kati ya ngozi zote zenye eneo moja na mkazo mmoja, ile ya duara ndiyo yenye sauti ya chini kuliko zote. Uthibitisho kamili ulingoja hadi 1923 na 1925, ulipoletwa na Georg Faber na Edgar Krahn, kila mmoja kwa njia yake. Maana yake kwetu ni kwamba duara likipotoka, sauti nene hupanda, haishuki. Mwaka 1966 Mark Kac, mwanahisabati wa asili ya Poland aliyekuwa Marekani, aligeuza swali: ukizisikia sauti zote za ngoma bila kuiona, waweza kulijua umbo lake? Jibu lilikuja mwaka 1992 kutoka kwa Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert. Walichora maumbo mawili tofauti, yenye pembe, ambayo vidatu vyake vyote ni vilevile. Eneo la ngoma linasikika. Urefu wa ukingo wake unasikika. Umbo lenyewe si lazima lisikike. Mtu akikuambia kwamba ameijua ngoma kuwa yai kwa kuisikia tu, mwombe afumbe macho akuonyeshe urefu wa yai uko upande gani.

Kuna jambo jingine linalolivua duara taji lake. Uzi wa gita hutoa vidatu vya juu vinavyopatana na cha kwanza: mara mbili, mara tatu, mara nne. Ngozi ya duara kamili haitoi hivyo. Mtetemo wake wa pili ni mara 1.59 ya wa kwanza, wa tatu ni mara 2.14, na kadhalika, namba ambazo haziimbi pamoja. Utamu wa ngoma, basi, hautoki kwenye ukamilifu wa duara. Wahindi walilijua hilo kwa mikono yao: kwenye tabla hupaka doa jeusi la mchanganyiko mzito katikati ya ngozi, na doa hilo huvuta vidatu vya juu vipatane na cha chini. C. V. Raman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930 kwa kazi yake juu ya mwanga, alikuwa ameandika juu ya ngoma hizo miaka kumi kabla. Ngozi ya tabla ni duara, lakini kinachoipa sauti yake ni jinsi uzito ulivyogawanywa juu ya duara hilo.

Kwa hiyo hukumu ya pili: duaradufu ni kasoro ya pembeni, na mkono unaweza kuisahihisha.

Kasoro ya tatu, benibeni, haina huruma hiyo. Ukingo wa mdomo ukiwa umepanda huku na kushuka kule, ngozi haipati kitanda cha kulala. Panapopanda huikata, panaposhuka huiacha ikipwaya. Ngoma ya namna hiyo hutatarika, na ukiikaza zaidi unaongeza ubishi badala ya kuumaliza. Kuipima ni rahisi. Ivue ngozi, igeuze ngoma, mdomo uweke juu ya sakafu ya saruji iliyosawazishwa, weka tochi ndani, kisha uzime taa za chumba. Kila mahali mwanga unapochungulia, ukingo haugusi. Bandika karatasi kubwa ya msasa juu ya ubao ulionyooka, sugua mdomo juu yake kwa mzunguko mpaka mwanga ufe. Mdomo unaweza kubaki yai vilevile. Yai hilo sasa limelala sawa, na hilo ndilo ngozi ililokuwa inadai.

Na ngozi yenyewe ina upande wake. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe si karatasi: kando ya uti wa mgongo ni nene, kwenye tumbo ni nyembamba. Mwambaji anayejua kazi huupitisha mstari wa uti wa mgongo katikati ya mdomo ili wembamba ugawanyike sawa kulia na kushoto. Asiyejua huikata popote panapomwachia kipande kikubwa cha kuuza. Kisha huja kuvuta. Kidatu cha ngozi hufuata kipeuo cha pili cha mkazo wake: ukitaka sauti ipande oktavu nzima, mkazo uwe mara nne. Upande mmoja ukikazwa kuliko mwingine, ngozi ya duara kamili hugawanya mtetemo wake wa pili vilevile kama yai linavyogawanya, na sauti huyumba vilevile. Hii ndiyo siri iliyomo ndani ya methali yetu. Myumbo ambao mwenye ngoma anausingizia umbo la mzinga, mara nyingi umetoka kwa mwambaji aliyeivutia ngozi kwake.

Dawa yake ni ya zamani na ni ya haki: ukivuta kamba upande huu, inayofuata iwe ya upande wa pili, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, huku ukigonga kidogo kuzunguka ukingo na kusikiliza. Panapolia chini pakazwe, panapolia juu paregezwe. Ngoma za vigingi, ngoma za kanda za ngozi na zile za pete za chuma na kamba ya nailoni zote hutii sheria hiyo moja. Kumbe hata ngoma ya mdomo wa yai inaweza kupatanishwa kwa njia hii, kwa kukaza zaidi kidogo kule ambako urefu wa yai unaishusha sauti. Umbo na mkazo ni madeni yanayoweza kulipana.

Moshi ina sababu yake ya pekee ya kuilaumu mizinga isiyo na hatia. Mji uko karibu mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari na una joto kavu sehemu kubwa ya mwaka. Panda barabara ya Kibosho, Machame au Marangu, na kwa mwendo mfupi wa gari umeingia kwenye ukungu na unyevu. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ngozi hunywa unyevu huo. Huwa nzito, hulegea, na vidatu vyote hushuka, kila upande kwa kiasi chake kulingana na unene wake. Ngoma iliyokazwa mjini mwezi wa pili ikapelekwa mlimani wakati wa masika itasikika kama imezeeka kwa wiki moja. Wapigaji wanajua la kufanya: wanaianika juani au kuipasha karibu na moto kabla ya kuipiga, na sauti inarudi. Kilichorudi ni mkazo, kwa sababu mti haukuguswa. Kama moto umeiponya, ugonjwa haukuwa wa umbo.

Tazama pia jinsi Kiswahili kilivyozipa ngoma majina. Vumi limepewa jina kwa kuvuma kwake. Msondo hujulikana kwa urefu wake, kumbwaya kwa kusimama juu ya miguu, chapuo kwa udogo na sauti yake ya juu. Majina yanatazama sauti, kimo na jinsi ngoma inavyosimama. Hakuna hata moja kati ya haya lililotungwa kusifia mdomo ulioviringana vizuri. Vitenzi navyo ni hivyo: ngoma hulia, huvuma, hurindima, hudunda, na ikiharibika hutatarika, hupwaya au hupasuka. Msamiati huu uliundwa na watu waliokuwa wakisikiliza. Ulipanda mlima pamoja na misafara ya biashara, misheni na shule, ukakutana na lugha za Kichaga zenye majina yake kwa ngoma zake. Na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango kwa muziki wa asili katika ibada mwaka 1963, ngoma ikapata nafasi kanisani karibu na kinanda. Majina mapya yanaendelea kuja. Ngoma ya Afrika Magharibi iitwayo djembe sasa inauzwa madukani, na tukiiandika kwa tahajia yetu inagongana na jembe la shambani. Wauzaji wameshalitatua kwa njia yao: wanaiita ngoma tu.

Kutoka kazi hiyo hiyo ya kuwamba, sayansi ilichukua istilahi yake moja nzuri. Kiwambo ni utando uliotandazwa na kukazwa. Tunalitumia neno hilo kwa msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kwa utando wa sikio, ambao wengi huuita ngoma ya sikio. Daktari wa masikio katika hospitali ya KCMC mjini Moshi akimwambia mgonjwa kwamba ngoma ya sikio imetoboka, hana haja ya kufafanua zaidi. Mgonjwa anaona ngozi, anaona tundu, anaelewa kwa nini hasikii.

Na ngoma hiyo ya sikio si duara. Kwa mtu mzima ina urefu wa milimita 9 hadi 10 na upana wa milimita 8 hadi 9 hivi. Imekaa mshazari ndani ya tundu la sikio, na katikati imebonyea ndani. Ni yai, ni benibeni kwa jicho la seremala, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Kiwambo hicho cha duaradufu ndicho tunachosikilizia zumari, kinanda na kila ngoma iliyowahi kupigwa mlimani. Kama mdomo wa yai ungekuwa dufu kwa maana ya kupungua, basi binadamu wote tungekuwa tunasikia nusu nusu.

Sina nia ya kuifuta duaradufu kwenye vitabu vya hisabati. Imeshazoeleka na inafanya kazi yake darasani. Ninachoomba ni kwamba tusiihamishe kutoka jometri kwenda kwenye ngoma pamoja na dharau yake. Tukizungumzia ngoma tuseme mdomo wa yai, tutenge kombo na benibeni, na tuweke mkazo wa ngozi mahali pake pa kwanza. Waandishi wa vitabu vya fizikia vya sekondari wangeweza kufundisha mitetemo kwa ngoma iliyopo kila kijiji badala ya kifaa ambacho shule haina. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) zina kazi ya kukusanya maneno ya mafundi wa mlimani, ya Kiswahili na ya Kichaga: jina la ukingo, la upande mnene wa ngozi, la kamba ya kwanza kuvutwa, la sauti inayoyumba. Maneno hayo yako vinywani mwa wazee, na kamusi hazijayachukua yote.

Kwa mwenye ngoma, ushauri ni mfupi. Usiitupe kwa sababu ya sura yake. Tafuta ufa, pima ukingo kwa tochi, gonga kuzunguka ngozi, ipashe moto, kisha izungushe mpaka mkono upate mahali pake. Ngoma kongwe yenye mdomo wa yai, ukingo uliolala sawa na ngozi iliyovutwa kwa haki pande zote ni ngoma nzima. Duara kamili lililowambwa na mtu aliyejivutia ndilo linalostahili kuitwa dufu.